Gundi ya Unga

3 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na goti lako limepunguza ubishi. Sisi huku hatujambo. Mke wa kaka amejifungua mapacha, wa kike wote wawili, na kaka anatembea mtaani kifua mbele utadhani amewazaa yeye. Mwezi uliopita mama alitimiza miaka mitatu tangu atutoke. Tulikwenda kusafisha kaburi. Wewe hukuwepo, kama ambavyo hukuwepo siku ya kumzika, na sisemi zaidi ya hapo.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Shangazi, nimepanda cheo, au nimeshuka, maana kiti changu kipya kiko chini ya sakafu. Miaka minne nimekata tiketi kwenye mlango wa ukumbi. Tangu wiki jana mimi ndiye mkumbushaji. Ndiyo, ndani ya kiboksi chako kile kile kwenye ukingo wa jukwaa, miguu shimoni na kichwa nje, nikiwanong'oneza waigizaji maneno wanayoyasahau. Kiti bado kinayumba. Kwenye ubao wa ndani mtu amechora mistari midogo kwa msumari, nimehesabu mpaka mia mbili nikachoka. Ni wewe?

Mchezo wangu wa kwanza ni Dada wa Hakimu. Jumamosi moja ya Agosti, alasiri, ukumbi unatimiza miaka hamsini, na Meneja Miwani hataki kusikia mchezo mwingine. Anasema michezo ya siku hizi inakufa kabla gundi ya mabango haijakauka, ila huu una miaka zaidi ya mia mbili, mtunzi wake hata hajulikani, na bado watu wanakuja na vitambaa vya kufutia machozi. Unaujua kuliko mimi. Kijana amenyongwa kwa kuvunja ghala la mji wakati wa njaa, na hakimu aliyemhukumu ni mjomba wake, kaka wa mama yake tumbo moja. Mwishoni hakimu anamsimamisha dada yake mbele ya watu wote na kumwuliza mara tatu: "Nilihukumu kwa haki?" Mara mbili dada anakaa kimya. Mara ya tatu anapiga magoti: "Kwa haki, kaka yangu, na mimi nilikuwa kipofu." Kaka anamwinua, pazia linafungwa, ukumbi mzima unalia. Nilipokuwa na miaka kumi nilitoroka nyumbani kwenda kuutazama, nikalia na mimi. Mama aliponiuliza macho yana nini nikasema vumbi.

Kuna jambo dogo tu. Kitabu cha mkumbushaji, kile chenye jalada la turubai, ukurasa wake wa mwisho ni mzito na mkavu, unakakamaa mkononi. Kurasa nyingine zote ni laini. Kwa nini? Kuuliza si ujinga.

Binti wa kaka yako

—

21 Februari

Binti wa kaka yangu,

Marahaba, tena nakuitikia mara mbili, maana ulikaa miezi mitano bila kuandika nikadhani umeolewa na mtu mwenye wivu. Hao mapacha nimewafurahia mno. Mwambie baba yao aache kutembea kifua mbele, alale mchana, kwa sababu usiku wake umekwisha mpaka watakapoanza shule. Goti langu halijambo. Linatangaza mvua kabla ya redio, na halikosei kama redio.

Mistari ya msumari ni yangu. Kila onyesho mstari mmoja, miaka tisa.

Sasa nisikilize, kazi hii haifundishwi na mtu mwingine aliye hai. Mkumbushaji hatoi sentensi. Anatoa maneno matatu ya kwanza, basi. La nne ni la mwigizaji mwenyewe, asipoliona shauri yake. Ukitoa mapema atakuchukia, ukichelewa atakulaani. Jifunze kusikiliza pumzi, kwa sababu anayesahau huishika pumzi yake kabla hajajua kwamba amesahau. Na sauti yako ifike kwenye vidole vya miguu ya mwigizaji, isivuke hapo. Siku watazamaji watakapokusikia, toka shimoni urudi mlangoni ukakate tiketi.

Unashangaa mchezo wa miaka mia mbili hauchakai. Mimi sishangai. Watu hawaji kujua nini kitatokea, wanajua tangu utoto. Wanakuja kwa sababu kila mmoja ana hakimu wake nyumbani au kazini, na anataka kuona kama safari hii yule mwanamke atapiga magoti. Akipiga wanalia, wanarudi makwao wamepata nafuu. Kumbe si wao peke yao, hata mahakimu wao wanapata nafuu.

Kuhusu ule ukurasa, karatasi za zamani zilikuwa nzito. Usiuchokonoe.

Shangazi yako

—

15 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Mapacha wana afya, mmoja analia na mwingine anamtazama anavyolia. Kaka anakusalimu, amelala.

Sikuuchokonoa. Naapa. Waliouchokonoa ni mende. Jumanne kwenye mazoezi taa ya kiboksini ilikuwa imewaka tangu asubuhi, joto likapanda, na ule ukurasa ukajiinua wenyewe pembeni. Kumbe ni karatasi mbili zilizobandikwa pamoja. Gundi yenyewe ni uji wa unga, mende wameila kidogo kidogo kutoka ukingoni miaka yote hii, imebaki kama ukoko wa sufuria. Nilivuta kidogo tu ikaachia yote. Chini yake, kwa taipu ile ile ya kitabu kizima, kuna hivi:

HAKIMU: Kwa mara ya tatu. Nilihukumu kwa haki?
DADA: Uliza tena.
HAKIMU: Nilihukumu kwa haki?
DADA: Uliza tena.
(Hakimu anaendelea kuuliza. Taa zinazimwa. Sauti yake bado inasikika.)

Basi, mchezo umekwisha. Hakuna magoti wala kipofu! Nilisimama kwa mshtuko nikajigonga kichwa, Hakimu wetu, ambaye mchana ni fundi seremala, akacheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Shangazi, yule hakimu wa mchezo ana mji mzima chini ya mguu wake, ana askari, ana kamba, na kitu kimoja tu hana: neno la dada yake. Na dada hamnyimi kwa kelele. Anamwachia aendelee kuliomba mpaka afe. Miaka yote hii tumekuwa tukilia machozi ya mchezo mwingine.

Sasa karatasi ya juu. Imeandikwa kwa mkono, herufi zimesimama wima kama wanafunzi mstarini, na kila j imewekewa kiduara badala ya nukta. Niliiweka pembeni ya barua yako ya Februari. Mimi nimenyamaza, sema wewe.

Tena kuna hili. Nyuma ya jalada kuna orodha ya waigizaji wa zamani. Kwenye nafasi ya Dada kuna jina lililokwaruzwa kwa wembe mpaka karatasi ikawa nyembamba, na juu yake limeandikwa jina lako. Kumbe uliwahi kupanda jukwaani! Mbona hukutuambia hata siku moja? Na kabla yako alikuwa nani?

Binti wa kaka yako

—

2 Mei

Binti wa kaka yangu,

Salamu. Barua yako ilichelewa sana njiani. Huku tumekuwa na misiba miwili mtaani na mimi nimeng'olewa jino la nyuma, lile lililokuwa linashikilia mengine, kwa hiyo usitarajie maneno mengi.

Mwandiko wa zamani wote unafanana. Tulifundishwa na mwalimu mmoja, alikuwa anatuchapa vidole.

Nikupe ushauri hujaniomba. Rudisha ile karatasi ilipokuwa. Watu wa mji ule wamezoea kilio chao, na wewe ni nani wa kuwanyang'anya? Mwisho unaousema ni wa kiburi. Nani anaishi hivyo? Siku ya kwanza unakataa, siku ya pili unahitaji maji, unahitaji kazi, unahitaji mtu wa kukushikia mtoto. Mtunzi asiyejulikana anaweza kuwa jasiri, hana anwani. Sisi tulikuwa nayo.

Wape mapacha busu.

Shangazi yako

—

20 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Pole kwa jino.

Barua zetu huchukua siku tisa kwenda na siku tisa kurudi. Nimemwuliza karani wa posta, hakuna mfuko uliochelewa mwezi wa tatu. Njia ya mwongo ni fupi, na ya kwako haikufika hata mwisho wa mtaa.

Unauliza mimi ni nani. Mimi ndiye niliyewasomea waigizaji ukurasa wa kweli. Muuguzi, anayeigiza Dada (anafanya zamu ya asubuhi wodini na kuja mazoezini na sare yake), alisema, "Ndiyo maana pale kwenye magoti ulimi wangu ulikuwa unakuwa mzito kila siku, nikidhani ni uchovu." Meneja Miwani aliingia tukiwa katikati. Akasoma karatasi zote mbili, akafuta miwani, akasema mgeni wa heshima ameshaalikwa, ni mtu mkubwa, anaupenda mwisho wa magoti, na mwenye kuona vinginevyo mlango unafunguka kwa nje. Nikamwambia naujua mlango ule kuliko yeye, nimeusimamia miaka minne.

Mimi si mtu wa kunyamazishwa na jino, shangazi. Wembe ulikwaruza wino lakini kalamu ilikuwa imekandamizwa. Niliweka karatasi dirishani saa sita mchana, jua likipita nyuma yake, nikalisoma jina herufi moja moja.

Ni jina la mama.

Mama yangu, aliyeshona nguo za watu kwa mkono mpaka vidole vikapinda. Ambaye hakuingia ukumbini hata siku moja, hata kunitazama nikikata tiketi. Ambaye alikuita "yule dada wa baba yenu" mpaka anakufa. Tuliambiwa mligombana kwa sababu ya cherehani, ile iliyo kwenye kona ya chumba chake chini ya kitambaa cha bluu, tuliyokatazwa hata kuiegemea. Tuliambiwa ni yako, ulimkopesha, akakataa kuirudisha.

Nakuuliza mara ya pili. Nini kilitokea?

—

30 Juni

Mwanangu,

Sina salamu za kutosha kufunika ninachotaka kukuandikia, basi nisizitafute.

Mama yako alikuwa Dada bora kuliko wote waliowahi kusimama pale. Nilikuwa kiboksini, nilimwona kutoka chini, mahali ambapo uongo wa mwigizaji huonekana kwanza. Yeye hakuwa na uongo. Aliposema "Uliza tena", hakupaza sauti. Alisema kama mtu anayemwambia mtoto amalize chakula chake. Watu hawakulia. Walikaa kimya, halafu wakaondoka bila kutazamana, na kesho yake walirudi.

Mwaka ule wakubwa walitangaza kuwa watakuja kuutazama. Meneja wa wakati huo aliingiwa na baridi. Akasema mwisho ubadilishwe, Dada apige magoti. Mama yako akasema hapana. Akaambiwa tumbo lako limeshaonekana, miezi saba, hata hivyo ulitakiwa upumzike. Akasema, "Mwanamke wa mchezo huu ni mama. Sijui mnaficha tumbo la nini." Wewe ndiye uliyekuwa tumboni, kwa hiyo ulikuwepo, usiseme sikukuambia.

Meneja akageuka akauliza nani anayajua maneno ya Dada yote. Mwanangu, nani anajua maneno yote ya kila mtu? Mkumbushaji. Miaka tisa nilikuwa nimewanong'oneza wengine, nikatazama nyayo zao zikitembea kwenye mwanga. Naweza kukuambia niliogopa. Ndivyo nilivyomwambia baba yako, na akaniamini kwa kuwa alikuwa kaka yangu. Sikuogopa. Nilitaka jukwaa. Hiyo ndiyo kweli yake, na imekaa tumboni mwangu muda mrefu kuliko wewe ulivyokaa katika tumbo la mama yako.

Meneja alinisomea, mimi nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri. Wembe nilishika mimi. Alasiri ile nikapiga magoti, na ukumbi ukasimama ukapiga makofi mpaka vumbi likashuka kutoka darini. Mama yako alikuwa amesimama mlangoni, pale pale ulipokuja kukatia tiketi wewe. Hakunipigia kelele wala hakulia. Alinitazama mpaka makofi yakaisha.

Sikupanda jukwaani tena. Mara moja tu. Nilihama mji kabla hujazaliwa.

Cherehani niliinunua mimi, nikamletea wiki ya pili baada ya kukuzaa. Nikamwambia nisikilize, chukua hii, shonea watoto. Hakuikataa. Hakuisukuma nje ya mlango, hakuirudisha. Aliweka kitambaa juu yake. Kila nilipokuja, mara nne katika miaka ile, niliikuta pale pale imefunikwa, na yeye kando yake na sindano, anashona kwa mkono, ananiuliza habari za safari. Mara ya nne ndipo nilipoelewa kwamba lile ndilo jibu. Sikuja tena. Hata kumzika nilishindwa, maana ningeingia chumbani nikaikuta.

Kitu kimoja zaidi, ukifanye utakavyo. Siku ile mezani kulikuwa na chupa ya gundi ya dukani, mpya, ile inayoshika mpaka mbao. Mimi nilikwenda jikoni nikakoroga unga. Mpaka leo sijui vizuri kwa nini. Nilijua tu kwamba unga unaliwa.

Sikuombi unisamehe.

Shangazi yako

—

14 Julai

Shangazi,

Shikamoo, kwa sababu mama alinifundisha heshima haifutwi kwa hasira.

Nimesoma barua yako mara tatu, mara ya mwisho nikaitupa ukutani. Usije ukajifanya shujaa wa unga. Mende wamefanya kazi ambayo wewe ulikuwa na miaka thelathini na minne ya kuifanya, na wao hawakuwa na stempu za posta.

Nimemlilia mama upya. Safari hii si kwa kufa kwake. Nimemlilia kwa vidole vyake. Angeweza kukanyaga ile pedali ya cherehani akamaliza gauni kwa siku moja. Aliamua siku tano, kila gauni, maisha yake yote, ili tu wewe usije ukapata unachotaka. Na sisi tulikuwa tunamcheka kwamba anaogopa mashine. Sijui nimwonee uchungu au nimpigie makofi. Leo nampigia makofi.

Mimi nimekwisha amua. Siku ya onyesho, Muuguzi akifika pale, nitamnong'oneza maneno ya kweli. Sheria yako inasema matatu, yeye anahitaji mawili tu. Amesema, "Nipe utakachonipa, nitasema." Meneja Miwani amepata harufu. Anadai hakuna ushahidi kwamba ule ukurasa wa taipu si mchezo wa mtu mwehu, na kwamba mwisho wa magoti ndio wa asili, umeheshimiwa na vizazi.

Onyesho ni Jumamosi ya tarehe 16 Agosti, saa kumi alasiri. Sikualiki. Nakupa habari.

—

1 Agosti

Mwanangu,

Anataka ushahidi? Nimeandika nakala kumi na mbili kwa mkono huu, na kiduara juu ya kila j: moja kwa Meneja wako, moja kwa kila mwigizaji, moja kwa fundi umeme, na ya mwisho uibandike kwenye ubao wa matangazo mlangoni. Maneno ni haya: "Mwisho wa magoti si wa mtunzi. Niliuandika mimi, mkumbushaji wa zamani wa ukumbi huu, kwa amri ya meneja wa wakati huo, na nikauigiza kwa tamaa yangu mwenyewe. Aliyekataa ni wifi yangu. Yeye ndiye aliyekuwa sahihi." Chini nimetia sahihi na anwani. Sasa na mimi ninayo anwani na nimesema.

Tumia gundi ya dukani.

Shangazi yako

—

18 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Mapacha wameanza kukaa bila kushikwa, wanaanguka pamoja. Sasa kaa na wewe nikuhadithie.

Nilibandika tangazo lako Alhamisi asubuhi kwa gundi ya dukani. Meneja Miwani alilikwangua kwa ufunguo mpaka rangi ya ubao ikatoka, herufi zimebaki. Kufikia adhuhuri hakuna mwigizaji aliyekuwa hana nakala mfukoni. Akashindwa kuwafukuza wote, akanifukuza mimi. Akasema mkumbushaji ni mtu wa kusoma tu, na kusoma hata yeye anajua, atakaa kiboksini mwenyewe. Nikamkabidhi taa. Kitabu sikumkabidhi, nilimpa nakala ya mchezo. Jumamosi nikakata tiketi kama mtu mwingine yeyote nikakaa safu ya sita.

Ukumbi ulijaa mpaka ngazini. Mgeni wa heshima alikaa mbele na kitambaa chake tayari. Mchezo ulikwenda vizuri, seremala alikuwa hakimu wa kuogopesha kweli, mpaka tukafika pale.

"Nilihukumu kwa haki?" Muuguzi kimya. "Nilihukumu kwa haki?" Kimya. "Kwa mara ya tatu. Nilihukumu kwa haki?"

Kimya.

Shangazi, Meneja hajui kusikiliza pumzi. Muuguzi alikuwa anapumua taratibu, hakuwa amesahau chochote. Lakini yeye akadhani amesahau, au aliogopa, na kutoka shimoni ikasikika sauti: "Kwa haki, kaka..." Haikuishia vidoleni. Pale nilipokaa niliisikia. Muuguzi hakutikisika. Basi akairudia kwa nguvu, "Kwa haki, kaka yangu!" na ngazini pia wakasikia. Mara ya tatu hakunong'ona tena, alikuwa anaamrisha, miwani inang'aa ukingoni mwa jukwaa: "Piga magoti! Kwa haki!"

Ukumbi mzima ukageuka kutazama kile kiboksi. Watu waliona kwa macho yao wenyewe yale maneno yanapotoka, na ni nani anayeyatia katika kinywa cha mwanamke. Hakuna mtunzi angeweza kuandika hivyo. Muuguzi akashusha macho, akamtazama Meneja pale chini, kwa upole kabisa, akasema:

"Uliza tena."

Seremala alikuwa na nakala yako mfukoni. Akauliza. "Uliza tena." Akauliza, sauti imeanza kupasuka. "Uliza tena." Fundi umeme akazima taa, na yule mtu bado anauliza. Hakuna aliyelia. Hakuna aliyepiga makofi. Halafu kutoka nyuma kabisa, karibu na mlango, mtu mmoja akagonga sakafu kwa fimbo mara moja, na ukumbi ukalipuka.

Taa ziliporudi niligeuka. Mlango ulikuwa unajifunga. Niliona mwanamke mzee mwenye goti bovu.

Nimepoteza kazi. Muuguzi na seremala na wengine wote wamesema bila mimi hawapandi, na Meneja amesema atafikiri. Afikiri. Kitabu ninacho. Jina la mama nimelirudisha mahali pake kwa wino mweusi. La kwako sikulikwaruza. Yote mawili yapo, la kwake juu, la kwako chini.

Ulikuwa wewe?

—

3 Septemba

Mwanangu,

Salamu kwako na kwa hao wanaoanguka pamoja. Kuhusu mzee wa mlangoni, wanawake wenye magoti mabovu ni wengi, na mimi siku hizi hata sokoni sifiki. Ila huyo uliyemwona, kama alikuwa na akili, alisimama pale pale alipowahi kusimama mama yako, akatazama mpaka mwisho bila kulia, na akarudi nyumbani akijua wifi yake alimwonaje siku ile.

Nilikuandikia kwamba sikuombi unisamehe. Huo nao ulikuwa uongo. Mama yako sikuwahi kumwuliza, nilimpelekea mashine iniulizie. Wewe nakuuliza kwa mdomo wangu, na nitakubali jibu lolote.

Umenisamehe?

Shangazi yako

—

14 Septemba

Shangazi,

Shikamoo. Kaka na mkewe hawajambo, mapacha wameota meno mawili mawili. Kazi nimerudishiwa, na kiti nimekipigilia misumari, hakiyumbi tena.

Jana niliingia chumbani kwa mama nikaondoa kitambaa cha bluu. Nimeipaka cherehani mafuta, gurudumu linazunguka. Bado sijashona.

Kuhusu ulichouliza: barua zako huchukua siku tisa, na mimi sihami.

Uliza tena.

Binti wa wifi yako